Muvi ya watoto ikileta kelele za dini: jinsi ya kuikagua kabla hujaikataza nyumbani

Wazazi wenzangu, ule ujumbe mnaujua. Unaingia kwenye grupu la jumuiya saa nne usiku, umeforwadiwa mara nyingi, herufi kubwa kuanzia juu mpaka chini, WAZAZI TAHADHARI hii muvi inafundisha watoto wetu kumkana Mungu, na kufika asubuhi kuna watu washafuta kila kitu kwenye flashi ya mtoto na wengine wanabishana nao mpaka admini anafunga grupu. Mimi ni mlezi wa Utoto Mtakatifu (kikundi cha watoto Wakatoliki) parokiani kwetu, huu mwaka wa saba, na watoto ninao nyumbani, kwa hiyo hizi jumbe zinanifikia mara mbili, kama mzazi na kama mtu anayeulizwa "mwalimu wewe unasemaje". Na nilishakosea. Kuna muvi niliwakataza watoto wa darasa zima bila kuiona, kumbe mmoja wao alishaiangalia kwa kina binamu zake, akanyoosha mkono akaniuliza kwa heshima kabisa ni sehemu gani mbaya, nikakosa cha kumjibu, nikamwambia ni mbaya basi. Mtoto akakaa, na toka siku ile kwa miezi hakuniuliza tena swali lolote la maana. Iliniuma sana na bado inaniuma, ndo maana naandika hivi ninavyofanya saivi.

Ntatumia mfano mmoja tu mpaka mwisho, The Golden Compass ya mwaka 2007, muvi ya watoto ambayo baadhi ya Wakatoliki wa Marekani waliilaumu kwamba inapinga dini, kwa sababu ule ugomvi ulishatulia, kila aliyesema alishasema, na makosa yote ambayo mzazi anaweza kufanya yalifanyika pale, ya wanaokataza na ya wanaotetea. Ukishauelewa huo utaweza kukagua muvi yoyote itakayokuja.

Kwanza kabisa, kabla ya kitu chochote, tafuta lawama yenyewe ni ipi na inamlenga nani. Hapa ndo watu wengi wanateleza. Kuna muvi, kuna kitabu muvi ilikotoka, kuna mtu aliyekiandika, na ujumbe wa WhatsApp unavichanganya vyote kwenye sufuria moja. Chukua huo mfano wetu. Oktoba 2007, miezi kama miwili kabla muvi haijatoka, Catholic League ya Marekani, chama cha kutetea Wakatoliki, chini ya Bill Donohue ilianzisha kampeni ya kuisusia, ikatoa na kijitabu. Ukisoma hoja yao kwa utulivu utakuta hawakusema sana kwamba muvi yenyewe itamharibu mtoto. Walisema muvi imelainishwa, na kwamba ni chambo, mzazi asiyejua atampeleka mtoto sinema, mtoto ataipenda, Krismasi ataomba vitabu, na sumu iko kwenye vitabu. Hiyo ni hoja ya vitabu. Lakini ilipofika kwenye imeili za kuforwadiana (kipindi kile ilikuwa imeili) ikageuka kuwa "kwenye hii muvi watoto wanamuua Mungu", kitu ambacho kwenye muvi hakipo kabisa. Mzazi aliyeangalia muvi akakosa hiyo sehemu akaona kumbe ni uongo wote, akaacha kusikiliza hata ile hoja ya kweli ya chambo. Kwa hiyo chukua daftari, andika sentensi moja tu: nani anasema, kitu gani ni kibaya, na kiko wapi, kwenye muvi, kwenye kitabu cha ngapi, au kwenye maneno ya mtunzi. Ukishindwa kuandika hiyo sentensi basi bado hujajua unachokataza.

Hatua ya pili nenda kwa mtunzi, msikie mwenyewe. Usitegemee alichosemewa. Philip Pullman ni Mwingereza, vitabu vya hadithi hii ni vitatu, cha kwanza 1995, cha pili 1997, cha tatu 2000, na yeye mwenyewe hakujificha. Mwaka 2001 aliliambia gazeti la Washington Post kwamba anajaribu kudhoofisha msingi wa imani ya Kikristo, na 2003 akaliambia gazeti moja la Australia kwamba vitabu vyake vinahusu kumuua Mungu. Kwa hiyo anayekwambia eti Donohue alizua tu, naye hajasoma. Mimi kama Mkatoliki hayo maneno yalinishtua na siwezi kujifanya hayakunigusa. Lakini kusudi la mtunzi na kile ambacho hadithi inamfanyia mtoto wa miaka kumi na mbili ni vitu viwili, na cha pili huwezi kukijua kwa kusoma mahojiano, lazima uingie ndani ya hadithi yenyewe.

Sasa angalia muvi. Yote. Sio trela, sio vipande vya dakika moja vyenye muziki wa kutisha ambavyo mtu kavikata na kuweka mishale myekundu. Hii ni dakika 113 tu, chini ya saa mbili, angalia usiku watoto wakishalala, peke yako au na mwenzi wako, na lile daftari mkononi. Andika vitu vitatu: nani mbaya kwenye hadithi, ubaya wake ni upi, na jina la taasisi yake ni nani. Kwenye The Golden Compass utaona Nicole Kidman akiigiza Bibi Coulter, mama mrembo, mpole wa sauti, na tumbili wake wa dhahabu, anafanya kazi na wakubwa wa kitu kinaitwa Magisterium, na wanaiba watoto na kuwapeleka kaskazini kwenye barafu kuwafanyia jaribio la kuwatenganisha na nafsi zao. Mwongozaji Chris Weitz na studio ya New Line walipunguza dini makusudi, neno Kanisa halitajwi, wakasema Magisterium ni mamlaka yoyote ya kukandamiza watu. Sasa hapo Mkatoliki aliyepita kwenye katekisimu atasimama, maana Majisterio ni neno letu, ndo mamlaka ya ufundishaji ya Kanisa, halikuokotwa barabarani. Kwa hiyo ile lawama kwamba jina linatuelekea sisi ilikuwa na mguu wa kusimamia. Andika kwenye daftari. Ila andika pia kwamba ndani ya kitabu, kwenye ile dunia ya Lyra, binti ambaye ndo mhusika mkuu, John Calvin, yule mwanamageuzi wa Kiprotestanti, ndo alikuwa Papa na akahamishia makao Geneva, alipokufa cheo cha Papa kikafutwa, kikabaki kikundi cha mabaraza na mahakama zinazogombana. Kwa maana hiyo ni kanisa la kubuni lililochanganya Roma na Geneva, Wakatoliki na Wareformati (Waprotestanti wa Calvin) wote wana kipande chao mle.

Na wakati unaangalia usidanganywe na daraja la umri. Marekani muvi hii ilipewa PG-13 (mzazi awe mwangalifu kwa walio chini ya miaka 13), Uingereza PG (mzazi aongoze), na kwetu huku utakuta alama za bodi za filamu, Kenya wana GE (ya watu wote), PG, 16 na 18. Hizo alama zinakusaidia kwenye damu, ngono na matusi. Alama peke yake haikwambii muvi inasema nini kuhusu Mungu, hiyo kazi ni yako.

Hapa kuna kitu naomba mniruhusu nikae kidogo kwa sababu kwa sisi tunaotumia Kiswahili ndo penyewe hasa. Kwenye hii hadithi kila mtu nafsi yake inatembea nje ya mwili ikiwa na umbo la mnyama. Wa Lyra anaitwa Pantalaimon, na kwa kuwa Lyra ni mtoto anabadilika badilika, mara nondo, mara paka, ukishakua anatulia umbo moja. Huyo mnyama anaitwa dæmon, linatamkwa kama lile neno la Kiingereza la pepo mchafu. Sasa fikiria mtoto wako hajaangalia ya Kiingereza, kaangalia ya kutafsiriwa, kibanda umiza au flashi ya laibrari ya mtaani, na dijei anatafsiri kwa kasi huku hadithi inakimbia. Akisema "kila mtoto ana pepo wake" umeshapata muvi ya kishetani. Akisema "jini wake", mtoto wa Bara ataogopa na mtoto wa Pwani anaweza asishtuke hivyo, maana kwao kuna majini wema na wabaya na wengine ni waislamu. Akisema "roho yake" au "nafsi yake", hadithi ikawa nyingine kabisa. Picha ni zilezile. Neno moja limegeuza ugomvi wote.

Na hata ndani ya Biblia yetu hilo neno lina historia. Mtunzi alilichukua kwenye Kigiriki cha zamani, daimon, na neno la ukoo huohuo kwenye Luka 8 tunalisoma "pepo", lakini ukienda Matendo 17:18, pale wanafalsafa wa Athene wanamsema Paulo, Union Version inasema anatangaza habari za "miungu migeni". Neno ni la familia moja, watafsiri wakaona huku liwe pepo, kule liwe miungu. Sisemi hivi ili kumtetea mtu, nasema ili ukimuuliza mtoto umuulize vizuri: wewe uliyoangalia ilikuwa ya lugha gani, na yule mnyama alikuwa anaitwaje? Mimi niliuliza hivyo kwenye kikundi changu nikapata majibu manne tofauti kwa watoto sita.

Alafu kitu kingine cha kuuliza, aliangalia ipi. Maana ipo muvi ya 2007 na ipo tamthilia ya BBC na HBO iliyoanza 2019 ikaisha 2022, sizoni tatu, na hiyo imefika mpaka kitabu cha tatu. Mzazi anasema "hiyo nimeiangalia haina shida" kumbe kaangalia muvi, mtoto yuko sizoni ya tatu.

Tuje kwenye vitabu basi, maana hoja ya chambo ilikuwa ni ya vitabu. Sio lazima usome vyote vitatu neno kwa neno ingawa mimi nilifanya hivyo na sijutii, lakini usome angalau sehemu zinazolalamikiwa ukiwa umezifikia kwa kufuata hadithi, sio kuzirukia. Kwenye kitabu cha tatu kuna mtu anaitwa Mamlaka. Alijitangaza kuwa ndiye muumba lakini kwenye hadithi ni malaika wa kwanza tu aliyewadanganya wenzake, saivi ni mzee hajiwezi, kafungiwa kwenye boksi la kioo, na watoto wawili, Lyra na Will, wanamfungulia kwa huruma wakitaka kumsaidia, upepo unamgusa anasambaratika. Hiyo ndo "watoto wanamuua Mungu". Unaona tofauti? Na bado, nisiseme uongo, kwa mimi ninayesali Baba Yetu kila siku sehemu ile ilikuwa ngumu kuisoma, kwa sababu mtunzi anajua fika msomaji atamuona nani pale. Vilevile kuna mama aliyekuwa mtawa akaacha na kuacha imani, naye anaongea sana, na Lyra anafananishwa na Hawa ambaye kosa lake linageuzwa kuwa jambo jema. Hayo ni mafundisho yanayogongana na ya kwetu waziwazi, na mtoto wa miaka tisa hana zana za kuyapambanua. Mtoto wa kidato cha pili anaweza, ukiwa naye.

Ukishamaliza hapo tafuta watu wa imani yako waliosoma, uone walifikia wapi, na utashangaa hawakukubaliana. Baraza la Maaskofu wa Marekani lilikuwa na ofisi yake ya filamu, na hiyo ofisi iliisifia The Golden Compass, ikaiweka kundi la watu wazima na vijana, ikashauri wazazi badala ya kupiga marufuku wakae na vijana wao wayajadili maswali magumu. Tarehe 10 Desemba 2007 uhakiki huo ukaondolewa. Gazeti la Vatikani mwezi huohuo likaikosoa vikali. Kule Ontario, Kanada, bodi moja ya shule za Kikatoliki, ya Halton, ilishaondoa kitabu kwenye rafu tangu Novemba baada ya malalamiko. Kwa upande mwingine kuna Rowan Williams, alipokuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mkuu wa Waanglikana wote, mwaka 2004 aliona hii hadithi kwenye jukwaa la National Theatre pale London, akasema inafaa kutumika kwenye masomo ya dini, akakaa hadharani na mtunzi wakajadiliana. Na swali lake ndo limenisaidia kuliko maandishi yote niliyosoma kwenye huu ugomvi: kanisa litakuwaje likiamini mungu anayeweza kuuawa, mungu anayehitaji kulindwa saa zote? Kanisa lisilo na ukombozi ndani yake? Litakuwa hilohilo la kwenye hadithi, katili na lenye hofu. Yaani yeye hakusema mtunzi yuko sahihi, alisema yule mungu wa kwenye kitabu sisi pia hatumwamini, na kwamba ukiona kanisa letu linafanana na lile jiulize tumemsahau nani.

Hilo swali nilienda nalo mpaka kwa paroko wetu tukaongea jioni nzima.

Kuna kitu cha kuruka haraka, mauzo. Watu hupenda kusema "muvi ilifeli kwa hiyo Mungu kajibu" au "ilipata mamilioni kwa hiyo kanisa halina nguvu". Muvi ilitengenezwa kwa dola milioni 180 hivi, Marekani ikaingiza kama milioni 70 tu, dunia nzima ikafika kama 372. Miendelezo haikutengenezwa, na Sam Elliott aliyeigiza mle alilaumu Kanisa Katoliki hadharani, wakati wapenzi wa vitabu wao walilalamika kwamba studio imeitoa hadithi uti wa mgongo kwa kuogopa waumini. Hakuna hata kimoja hapo kitakachokusaidia kumjibu mtoto wako, achana nacho.

Sasa kuamua. Mimi nagawa kwa umri na kwa mtoto, na hapa kila mzazi anamjua wa kwake. Chini ya miaka kumi hii muvi siweki, na sababu yangu kubwa ni ile mashine ya kutenganisha watoto na nafsi zao, inatisha, mtoto wangu wa pili angeota wiki nzima. Kuanzia kumi na moja au kumi na mbili muvi tunaangalia pamoja, sio yeye kwenye simu na mimi jikoni. Vitabu, cha kwanza kwa mpangilio huohuo, cha tatu asubiri mpaka awe ameshapata mafundisho ya Kipaimara na ana uwezo wa kusema anachoamini kwa maneno yake. Tamthilia inafuata sheria ya kitabu cha tatu.

Mkimaliza kuangalia usianze na mahubiri. Zima tivii, leta chai, uliza. Kwa nini wale watu wazima wanaona ni sawa kuwatenganisha watoto na nafsi zao? Wanasema wanawasaidia, je, wanasaidia? Kuna mtu mkubwa alishakwambia kitu kwa ajili ya Mungu na wewe ukahisi sio cha Mungu? Hilo la mwisho uliza ukiwa tayari kusikia jibu, mimi nililijua jambo zito sana la mtoto mmoja kupitia swali hilo, na namshukuru Mungu niliuliza. Alafu ndo uingie: aliyeandika hii hadithi hamwamini Mungu, na alisema wazi anataka watu waache kumwamini. Unaonaje, yule Magisterium anafanana na Kanisa letu? Wapi ndio, wapi hapana? Yesu yuko wapi kwenye ile dunia? Acha anyamaze afikirie. Binti yangu alijibu "hayupo kabisa mama, ndo maana wanaogopa vile", na hakuna aliyemfundisha.

Na ukiamua kukataza, ni haki yako, kataza vizuri. Mwambie umeiangalia. Mwambie ni sehemu gani na kwa nini, na mwambie ni mpaka lini, kwa mfano mpaka umalize la saba tutaangalia wote. Katazo lenye tarehe mtoto analivumilia. Usimwambie kwamba ataingiwa na pepo kwa kuiangalia kama hata wewe huamini hivyo, maana siku ataiangalia kwa rafiki, hataingiwa na kitu, na hapo atajumlisha kwamba na mengine uliyomwambia kuhusu shetani yalikuwa ya kumtishia.

Kwenye grupu usibishane na aliyeforwadi, mara nyingi ni mama wa watu anaogopea watoto kwelikweli, na huo uoga ni upendo. Mimi huwa naandika hivi tu: "Asante dada kwa kutujali. Nimeiangalia yote. Yanayosemwa hapo kuhusu kumuua Mungu hayapo kwenye muvi, yapo karibu na hapo kwenye kitabu cha tatu. Jumamosi baada ya mafundisho nitakuwepo kwa mzazi anayetaka tuongee." Wanakuja wawili watatu, wanatosha.

La mwisho kwa wale watakaompa mtoto kitabu cha kwanza baada ya muvi. Muvi ilikata sura tatu za mwisho, kwa hiyo inaishia na Lyra na rafiki yake Roger wako angani wana matumaini. Kwenye kitabu hazijakatwa. Roger anakufa, na anayemuua ni baba yake Lyra, yule aliyeigizwa na Daniel Craig, ambaye kwenye muvi mtoto kamuona shujaa. Mtoto aliyezoea ule mwisho wa muvi hajajiandaa kabisa. Akifika sura ya 21 mwambie akuite, msome hizo zilizobaki mkiwa mmekaa kitanda kimoja.